Sindano ya Mgongo: Picha Inaonyesha Njia, Haionyeshi Maumivu

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili usiku, baada ya taarifa ya habari.)



Ninaye jirani aliyeendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 19. Miaka miwili iliyopita mgongo ulimshinda. Akaacha usukani, akachukua akiba yake yote, akanunua bajaji. Bajaji hiyo anaiendesha mwanawe mkubwa, na ndiyo inayolisha nyumba na kulipa ada za wadogo zake.

Jioni moja hivi karibuni alinijia barazani akichechemea, mkononi ana bahasha kubwa ya hospitali. Alikaa kwa taabu, akatoa picha za MRI na karatasi ya makadirio ya gharama. "Mdogo wangu," akasema, "wameona diski imetoka. Kuna sindano ya kisasa, wanakuchoma huku wanaangalia kwenye televisheni, inafika pale pale penye ugonjwa. Bajaji imeshapata mnunuzi. Wewe kazi yako ni kusoma mambo, hebu niambie: niuze?"

Nilikosa jibu. Mimi si daktari, na swali lile lilibeba chakula cha watoto. Nikamwomba anipe siku chache, na katika siku hizo asipokee fedha ya mtu. Nikasoma, nikawauliza madaktari wa mifupa na wale wa ganzi na usingizi. Niliyoyapata naona si ya jirani yangu peke yake, maana ni nani kati yetu asiye na mtu nyumbani anayelalamikia mgongo?

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, yaani kiunoni, na linakadiria kwamba ifikapo mwaka 2050 watafikia milioni 843. Ndiyo sababu inayoongoza duniani katika kuwafanya watu washindwe kutumia miili yao kama kawaida. Wabeba mizigo wa Kariakoo wanaijua, mama lishe anayeinamia sufuria kutwa nzima anaijua, na karani anayekaa kitini tangu asubuhi hadi jioni anaijua pia.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Hapa mjini ukitaja "sindano ya mgongo", mama aliyejifungua kwa upasuaji atakumbuka ile ya ganzi aliyochomwa kabla ya kupasuliwa. Mwingine atamkumbuka mtoto aliyetolewa maji ya mgongo ili apimwe homa ya uti wa mgongo. Wa tatu atafikiria sindano ya diklofenaki inayochomwa kwenye kalio. Zote hizo sizo tunazozizungumzia leo. Hii ya leo ni sindano ambayo daktari huielekeza kwa kuangalia picha, hadi sehemu ndogo sana karibu na uti wa mgongo, kisha akaweka hapo dawa ya ganzi, na mara nyingi pamoja nayo dawa ya jamii ya steroidi, ambayo hupunguza uvimbe na mwasho.

Ili tuelewe inakokwenda, hatuna budi kuujua mgongo wenyewe. Umejengwa kwa pingili za mifupa, moja juu ya nyingine, na kiunoni ziko 5. Kati ya pingili na pingili ipo diski, mto wa gegedu wenye ute mzito katikati, unaozuia mifupa isigongane. Nyuma ya pingili viko viungo vidogo, viwili viwili, vinavyofanya kazi kama bawaba za mlango. Katikati ya mifupa hiyo upo mfereji wenye mishipa ya fahamu, na kati ya pingili na pingili mshipa mmoja hutokea kushoto na mwingine kulia, ile ya kiunoni ikielekea miguuni. Diski ikipasuka, ute wake unaweza kutokeza nje, ukaubana mshipa na kuuwasha. Hapo mtu husikia maumivu yakishuka kutoka kalioni hadi pajani, yakapita gotini mpaka vidoleni, kama aliyeshika waya wa umeme. Madaktari huyaita maumivu hayo sayatika.

Wazo la kupeleka dawa mahali hapo si jipya hata kidogo. Mwaka 1901, mjini Paris, madaktari wawili, Jean-Athanase Sicard na Fernand Cathelin, kila mmoja kivyake, walieleza namna ya kuingiza dawa katika nafasi inayouzunguka utando wa mishipa hiyo, kwa kupitia tundu dogo lililoko juu ya kifandugu. Dawa aliyoitumia Sicard ilikuwa kokaini. Steroidi zilikuja baadaye. Kazi ya kuzigundua iliwapatia wanasayansi watatu Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950, na haikupita miaka mingi madaktari wa Ulaya wakaanza kuzichoma mgongoni.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa kupapasa. Daktari alitafuta mifupa kwa vidole, akaingiza sindano na kusikiliza kwa mkono wake jinsi inavyopenya. Baadaye watafiti walipozikagua kwa eksirei sindano zilizochomwa kwa mtindo huo, walikuta kwamba hata mikononi mwa wazoefu, nyingi zilikosa shabaha. Ndiyo sababu ikaletwa picha.

Siku hizi mgonjwa hulazwa kifudifudi juu ya meza. Ngozi husafishwa, kisha ganzi huchomwa juu juu. Mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la herufi C humzunguka na kutoa picha papo hapo kwenye kioo, ile "televisheni" aliyoitaja jirani yangu. Daktari huingiza sindano nyembamba huku akiitazama inavyosogea. Anapodhani amefika, humimina kwanza dawa kidogo inayoonekana kwenye eksirei. Dawa hiyo ikisambaa kandokando ya mshipa wa fahamu, amefika. Ikitoweka haraka kama maji ya mto, ameingia kwenye mshipa wa damu, na hana budi kurudi nyuma. Ndipo dawa ya matibabu huingizwa. Kwa kawaida kazi haizidi nusu saa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hata hivyo lazima awe na mtu wa kumsindikiza na asiendeshe gari, kwa kuwa mguu unaweza kufa ganzi kwa saa kadhaa.

Sindano hizi si za aina moja. Ya kwanza huwekwa katika nafasi ya mishipa ya fahamu, kama zile za Paris. Ya pili huwekwa kwenye vile viungo vya bawaba, au kwenye kiungo kinachouunganisha uti wa mgongo na mifupa ya nyonga. Ya tatu huchoma kwa moto: ncha ya sindano hupashwa kwa mawimbi ya redio hadi kufikia nyuzi joto 80 hivi, ili kuuunguza mshipa mdogo unaopeleka maumivu kutoka kwenye kiungo. Mshipa huo huota tena baada ya miezi, na maumivu yanaweza kurudi pamoja nao.

Sasa, ndugu msikilizaji, tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Picha ile ya kwenye kioo inamwonyesha daktari sindano ilipo. Haimwonyeshi maumivu yalipo. Hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya anaweza kulipa gharama kubwa bure.

Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine la Marekani lilichapisha uchunguzi wa watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wote walipigwa picha za MRI. Waliokutwa na diski zote salama walikuwa asilimia 36 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyofutuka, na asilimia 27 walikuwa na diski iliyotokeza. Kumbuka kuwa hao ni watu waliokuja kwa miguu yao, hawaumwi popote. Mapitio mengine ya mwaka 2015, yaliyokusanya picha za watu wa namna hiyo hiyo, yalikuta kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski huzeeka kama kichwa kinavyoota mvi, na mvi hazimuumi mtu.

Kwa hiyo maneno "diski imetoka" hayatoshi kuwa hukumu. Ili daktari ajue kwamba diski ile ndiyo mkosaji, hana budi kusikiliza maelezo ya mgonjwa, kumpima kwa mikono yake, na kuona kama maelezo, vipimo na picha vinashuhudia jambo moja. Picha ikisema kushoto na mguu unaouma ni wa kulia, sindano itafika kwa usahihi mkubwa mahali pasipohusika.

Je, sindano hizi zinasaidia? Inategemea zinachomwa kwa ajili gani. Kwa sayatika, mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyounganisha majaribio 25 yenye wagonjwa 2,470, yalikuta kwamba steroidi hupunguza maumivu ya mguu kwa muda mfupi, lakini kwa kiasi kidogo: kama pointi 5 kwenye kipimo cha 100. Kwa wazee ambao mfereji wa uti wa mgongo umesinyaa, jaribio la Marekani la mwaka 2014 lenye wagonjwa 400 lilionyesha kwamba kuongeza steroidi juu ya ganzi kulileta tofauti ndogo sana au hakukuleta kabisa. Na ule uunguzaji wa mishipa? Mwaka 2017 majaribio ya Uholanzi yenye wagonjwa 681 yalionyesha kwamba waliounguzwa na kufanya mazoezi hawakuwapita kwa kiasi cha maana wale waliofanya mazoezi peke yake.

Februari 2025 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha mwongozo wa jopo la kimataifa, lililokuwa na madaktari, watafiti, na watu wenyewe wanaoishi na maumivu ya mgongo. Jopo hilo lilishauri kwa nguvu kwamba maumivu ya mgongo yaliyodumu miezi 3 au zaidi, yasiyotokana na saratani, maambukizi wala baridi yabisi, yasitibiwe kwa sindano hizi wala kwa kuunguza mishipa. Vyama vya madaktari wanaozichoma vilipinga. Vilisema kwamba majaribio yaliyotumika yaliwachanganya wagonjwa wa aina nyingi, na kwamba aliyechaguliwa vizuri hunufaika. Nao mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unasema sindano zisitolewe kwa maumivu ya mgongo wenyewe, ila zinaweza kufikiriwa kwa sayatika kali iliyoanza karibuni.

Utaniuliza, wataalamu wakibishana, sisi wananchi tumsikilize nani? Nami najibu kwamba pamoja na ubishi wao, yapo wanayokubaliana. Sindano hairudishi diski mahali pake. Sindano haiponyi mgongo uliochakaa. Panapo nafuu, kwa kawaida ni ya wiki au miezi, na faida yake kubwa ni kumpa mgonjwa nafasi ya kusimama, kutembea na kufanya mazoezi. Na lipo jambo jingine ambalo wengi hatuambiwi: diski iliyotokeza mara nyingi husinyaa yenyewe kwa muda, na wagonjwa wengi wa sayatika hupata nafuu katika wiki au miezi michache bila kisu wala sindano.

Tuje kwenye hatari. Mara nyingi si kubwa: kichwa kuuma, uso kuwaka moto, usingizi kupotea kwa siku mbili tatu. Lakini mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba steroidi zinazochomwa katika nafasi ya mishipa ya fahamu, ingawa ni kwa nadra, zimeleta upofu, kiharusi, kupooza na vifo. Na miaka miwili kabla ya onyo hilo yalitokea maafa. Mwaka 2012, katika nchi hiyo hiyo ya Marekani, steroidi iliyotengenezwa na kampuni moja ya jimbo la Massachusetts iliingiwa na kuvu. Dawa hiyo ilichomwa kwenye migongo na viungo vya maelfu ya watu. Zaidi ya 750 waliugua katika majimbo 20, wengi kwa homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 walifariki. Hata sindano iliyofika mahali pake sawasawa haikuwaokoa, kwa sababu picha haionyeshi kilichomo ndani ya bomba.

Hapa kwetu yapo mambo ambayo vitabu vya ughaibuni huyataja kwa mstari mmoja, nasi yanatuhusu kwa kurasa nzima. La kwanza ni kifua kikuu. Ugonjwa huo hauishii kifuani, huweza kula pingili za mgongo polepole, na dalili yake ya kwanza ikawa maumivu ya mgongo tu. Steroidi hupunguza nguvu ya mwili kupigana na vijidudu. Anayekonda, anayetoka jasho usiku, mwenye homa za jioni au aliyeishi na mgonjwa wa kifua kikuu, achunguzwe kwanza. Aliyewahi kuugua saratani naye kadhalika.

La pili ni kisukari. Steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, hata ikichomwa mgongoni. La tatu ni dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Baadhi yake, hasa zenye ritonavir ndani yake, huuzuia mwili usiivunje steroidi, ikalimbikizana, uso ukavimba na sukari ikapanda. Kuna watu ambao kwa haya huficha dawa wanazotumia hata mbele ya daktari. Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Na la nne ni dawa za kuzuia damu kuganda: anayezitumia anaweza kuvuja damu ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, ikabana mishipa.

Aidha, zipo dalili zisizosubiri sindano wala ushauri wa redio. Mtu akishindwa kuzuia haja au akashindwa kukojoa, akafa ganzi sehemu anazokalia, au miguu ikaishiwa nguvu ghafla, apelekwe hospitali kubwa saa hiyo hiyo.

Basi mtu afanye nini? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya mgongo wa chini. Lilitaja elimu ya kuuelewa mgongo, mazoezi, kukandwa na mtaalamu, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kutuliza maumivu zisizo za jamii ya afyuni. Lilishauri wagonjwa wasipewe mikanda ya kiunoni, ile inayouzwa kila kona ya mji, wala dawa za afyuni. Kulala kitandani wiki nzima kumwondolea mgonjwa nguvu, hakumwongezei. Najua mazoezi hayana mvuto. Hayana mashine wala televisheni, na matokeo yake huja taratibu. Lakini hayauzi bajaji ya mtu.

Nilimrudia jirani yangu. Sikumwambia auze wala asiuze, kwa kuwa mwenye kumpima si mimi. Nilimwandikia maswali matano kwenye karatasi akamuulize daktari mwingine. Maumivu mnayotaka kuyatibu ni ya mgongo au ya mguu? Kipimo cha mikono kinakubaliana na picha? Mnatarajia nafuu kiasi gani, na kwa muda gani? Nisipochomwa, nikingoja, itakuwaje? Na baada ya sindano, nani atanisimamia mazoezi? Kuuliza si ujinga, na daktari mzuri hachukii kuulizwa.

Alikwenda na mwanawe. Daktari alimlaza, akauinua mguu wake, akagonga magoti kwa kinyundo, akamuuliza habari za jasho la usiku na za sukari. Mwisho akamwambia kwamba ana maumivu mawili. Yale ya kiunoni ni ya miaka miwili, nayo sindano haitayaondoa. Yale ya mguuni yana wiki tano tu, na kwa kuwa nguvu za mguu hazijapungua, yanaweza kuondoka yenyewe. Akampa vidonge, akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamwagiza atembee kila siku na arudi baada ya wiki sita. Mguu usipopata nafuu, hapo watazungumza habari ya sindano, kwa ajili ya mguu huo tu na kwa muda tu.

Mnunuzi wa bajaji ameambiwa asubiri. Jana jioni nilimwona jirani yangu akitembea polepole kutoka msikitini, kama alivyoagizwa. Bado anachechemea, na wiki sita hazijatimia. Bajaji ilimpita barabarani ikiwa na abiria, mwanawe akapiga honi.